Waya wa klachi hukatikia kichwani

Juu ya meza ninayoandikia kuna kipande cha waya wa klachi ya pikipiki yangu kisichozidi urefu wa kidole, ambacho nimekihifadhi tangu Agosti ya mwaka juzi. Ukikitazama vizuri upande uliokatika utahesabu nyuzi 19 nyembamba za chuma, na kati ya hizo 14 zina ncha nyeusi zilizoshika kutu, ilhali 5 tu ndizo zinazong'aa. Maana yake ni kwamba siku waya ule uliponiachia njiani, sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kukatika muda mrefu kabla, nami kila asubuhi nilikuwa nikiubana mkono wa klachi bila kujua kwamba nimebakiwa na nyuzi 5.

Siku hiyo nilikuwa natoka kukagua mizinga katika msitu wa upande wa Sikonge, nimefunga ndoo mbili za asali nyuma, nikipita njia ya mchanga ambayo pikipiki ya injini ya cc 125 huhitaji klachi karibu kila hatua. Mkono ulilegea mara moja, ukabaki unacheza kama kitu kisichoshikamana na chochote. Nilifika barabara kuu kwa kuwasha injini ikiwa nyutro, nikaisukuma pikipiki huku nikikimbia nayo, kisha nikarukia na kukanyaga gia ya kwanza ikiwa tayari inatembea; gia zilizofuata niliziingiza kwa kurudisha mafuta kidogo kila nilipokanyaga. Njia hiyo humfikisha mtu nyumbani, lakini penye mchanga na mzigo ni adha kubwa, kwa sababu kila ukisimama unaanza upya.

Aliyenisomea kipande hiki ni mzee mmoja fundi wa baiskeli hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Nilimwamkia, nikampa waya, naye akaugeuza karibu na macho, akakisukuma kwa ukucha kile kidonge cha madini kilichoko mwishoni, ambacho ndicho kichwa cha waya. "Mwanangu, waya huu haujafa leo," akasema. "Hiki kichwa kiliganda, hakikuwa kinazunguka."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Unapobana mkono wa klachi, kichwa cha waya hutakiwa kuzunguka kidogo ndani ya tundu lake ili waya uendelee kunyooka kuelekea kwenye gamba lake la nje. Tundu likikauka na kujaa vumbi, kichwa hushikwa, na waya hulazimika kujikunja mahali palepale kila unapobana, mara mamia kwa siku moja ya safari, kama mtu anayekunja na kukunjua waya kwa mkono mpaka ukatike. Kwa hiyo kabla ya kufikiria oili ya ndani ya waya, toa kichwa kwenye tundu lake, pangusa vumbi, paka grisi kidogo, kisha ifungue bolti inayoushikilia mkono wa klachi nayo uipake. Kazi hiyo haimalizi dakika 10, na kwa maoni yangu inaokoa waya kuliko kazi nyingine yoyote.

Ndani ya gamba kuna habari nyingine. Gamba lenyewe ni waya mnene uliosokotwa kama springi na kufunikwa plastiki; waya wa ndani unapovutwa, gamba husukumwa kwa nguvu ileile upande wa pili, na ndiyo maana nguvu hupita hata penye kona. Mpango huu ulipewa hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, nchini Uingereza mwaka 1896, na mwenye hataza ni Ernest Monnington Bowden, ambaye mara nyingi huchanganywa na Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh kilichotengeneza zile baiskeli ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Udhaifu wake ni kwamba kila kona huongeza msuguano, na vumbi la kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, hugeuza msuguano huo kuwa msasa.

Fundi mwingine, kabla ya safari ile, alikuwa amenimiminia oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Sikubaliani kabisa na mazoea hayo, kwa sababu oili hiyo hubeba chembe za chuma na masizi, yaani unaingiza uchafu mahali unapotaka kuuondoa. Vitabu vingi vya pikipiki huelekeza oili safi ya injini, na mafuta ya cherehani nayo hufaa, ingawa hukauka mapema. Grisi nzito isiingizwe ndani ya gamba, kwa kuwa hushika mchanga. Tazama pia mdomo wa gamba: ukiona kijibomba cheupe cha plastiki ndani, waya huo umetengenezwa uteleze wenyewe, na matone machache ya mafuta mepesi yanautosha.

Mimi huufungua waya ncha zote mbili, nikauning'iniza kwenye msumari barazani, nikafunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mdomo wa juu hadi kiwe kama faneli. Ukiwa mchafu, hutangulia kupitisha mafuta ya taa kwa bomba la sindano la duka la dawa, huku nikiuvuta waya juu na chini, mpaka yatoke meupe huku chini. Nikishayaacha yachuruzike yote, humimina oili kidogo kidogo na kuiacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta tone limening'inia kwenye ncha ya chini, kazi imekwisha.

Waya wa mafuta, yaani ule wa kuongeza mwendo wa injini, unahitaji uangalifu zaidi, maana katika pikipiki zetu nyingi kinachorudisha mafuta ni springi ya kabureta peke yake, na waya mkavu hushindana na springi hiyo. Ukiachia mkono wa mafuta, urudi wenyewe kwa kishindo. Kisha washa injini, iache iungurume bila kuiongezea mafuta, ugeuze usukani kushoto na kulia hadi mwisho; mlio ukipanda, waya umebanwa au umevutwa mahali, na pikipiki hiyo isiendeshwe mpaka urekebishwe.

Baada ya kufunga, mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha yake. Ukikaza mno, klachi huteleza na sahani zake huungua. Ukilegeza mno, gia huingia kwa kelele. Waya wa spidi ndio pekee ninaoupaka grisi, tena nusu ya chini tu, kwa sababu unapozunguka hupandisha grisi hadi kwenye saa ya spidi yenyewe.

Siku hizi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, hulaza waya mpya wa klachi sambamba na ule unaotumika, nikazifunika ncha zake kwa mpira wa tyubu. Ule wa kazi ukikatika msituni, nitahamisha vichwa viwili tu kwa plaizi na spana namba 10, kisha nitafunga ndoo zangu na kuendelea.