Njia Moja, Siku Mbili: Wiski za Kusini mwa Islay

Siku ya kwanza niliiharibu kwa pupa. Kufika saa saba mchana nilikuwa nimeshapita viwanda viwili vya wiski na kumaliza kila toti niliyomiminiwa, na nilipoingia cha tatu pua ilikuwa imegoma. Sikusikia harufu yoyote zaidi ya moshi na ukali wa pombe. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenivuta mpaka Islay, aliishika glasi yangu akaiweka mezani. "Mdogo wangu, wiski ya watu wamengoja miaka kumi. Wewe unaimaliza kwa mafunda mawili?"

Kesho yake tuliirudia njia ile ile, na ninayotaka kusimulia ni siku hiyo ya pili.

Islay ni kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Unavuka kwa feri kutoka Kennacraig, safari ya zaidi ya saa mbili. Ukishukia Port Ellen kuna njia ya waenda kwa miguu inayofuata pwani kuelekea mashariki: unaanza kukuta Laphroaig, kisha Lagavulin, mwisho Ardbeg. Viwanda vyote vitatu vimo ndani ya kama kilomita 5. Majengo ni meupe, na kwenye ukuta unaoelekea baharini jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi nyeusi kubwa. Laphroaig na Ardbeg huhesabu umri wao tangu mwaka 1815, Lagavulin 1816. Ni majirani wa miaka mia mbili. Upepo wa chumvi unaowapiga ni mmoja, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kimea chao, yaani shayiri iliyochipuzwa, ilifukizwa moshi kwenye kiwanda kimoja hapo hapo Port Ellen. Lakini mimina glasi tatu uzinuse: utadhani zimetoka nchi tatu. Kwa nini? Swali hilo ndilo lililonirudisha barabarani.

Laphroaig bado wanatengeneza wenyewe sehemu ndogo ya kimea chao, kwa njia ya zamani. Shayiri iliyolowekwa imetandazwa kwenye sakafu ya ghala refu, nayo inageuzwa mara kwa mara ili isishikane mizizi wala kupata joto kupita kiasi. Niliokota punje moja. Ilikuwa na vimizizi vyeupe kama nyuzi, na nilipoitafuna ilikuwa laini, ina utamu wa mbali. Utamu huo ndio mtaji wa kila kitu: punje inapochipua huanza kufungua wanga wake, na baadaye wanga huo hugeuka sukari, sukari ikalishwa hamira, hamira ikatoa pombe. Lakini mche ukiachwa ukue, utaila akiba hiyo wenyewe. Kwa hiyo wanaukatisha kwa moshi na joto.

Moshi wenyewe ni wa mboji ya kinamasini, ile inayochimbwa kwa vipande vyeusi na kuanikwa mpaka ikauke. Ni majani, nyasi na magugu yaliyolala kwenye maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Harufu yake haifanani na ya kuni. Ina udongo ndani, ina lami, ina kitu cha dawa ya kidonda. Ukishaisikia kwenye tanuri, unaitambua papo hapo ukiikuta kwenye glasi.

Watu hupenda kushindanisha viwanda hivi kwa kipimo cha fenoli, kemikali zinazobeba moshi. Ardbeg huwa kwenye sehemu 55 hivi kwa milioni, Laphroaig arubaini na kitu, Lagavulin 35 hivi. Kwa hesabu hiyo Ardbeg ingekuwa nzito kuliko wote. Mdomoni sivyo! Kipimo hicho ni cha kimea kabla hakijasagwa, na njiani kuna mambo mengi.

Kubwa kuliko yote ni pale wanapokeneka, yaani wanapochemsha pombe kwenye mitungi mikubwa ya shaba na kuukusanya mvuke wake. Inakenekwa mara mbili. Ile ya pili ina kichwa, moyo na mkia: kinachotangulia ni kikali na hakifai, cha katikati ndicho kinachokwenda kwenye mapipa, cha mwisho ni kizito. Vya mwanzo na vya mwisho hurudishwa vikachemshwe upya. Laphroaig wanaacha kichwa kipite kwa dakika 45 nzima kabla ya kuupokea moyo, hivyo harufu za matunda zinazotangulia wanazikosa, wakabaki na lami na mwani. Lagavulin mitungi yao imevimba kama pea na wanaipika polepole mno, ile ya pili ikichukua kama saa 9. Ardbeg kuna bomba dogo shingoni mwa mtungi wa pili linalourudisha chini mvuke mzito, wepesi ukapita. Nilisimama mbele ya bomba hilo muda mrefu. Siku ya kwanza nilikuwa nimelipita bila kulitazama, nikiwaza kaunta.

Na sheria inasimama juu ya wote. Kuitwa wiski ya Uskoti, ni lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni humo humo Uskoti si chini ya miaka 3, na isiwekwe chupani ikiwa na pombe chini ya asilimia 40. Ikitajwa kuwa ya kimea kimoja, maana yake ni shayiri iliyochipuzwa peke yake, kutoka kiwanda kimoja.

Safari hii hatukumaliza toti. Viwanda huwa na vichupa vidogo kwa ajili ya madereva, maana tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti kimeshushwa mpaka miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, chini ya England. Tulikuwa kwa miguu, lakini tuliviomba na tukapewa. Tulionja ncha ya ulimi tu, mengine tukafunga.

Usiku, baada ya kula na kunywa maji mengi, tulivipanga mezani. Laphroaig ilitoa aidini na mwani. Lagavulin ilitoa chai nyeusi kali na matunda makavu. Ardbeg, eti yenye moshi kuliko zote, ilianza na ndimu. Nilidondosha maji matone matatu kwa kijiko, nikaifunika kwa kiganja, nikangoja. Nilipokiondoa, ndimu ilikuwa imerudi nyuma na pilipili manga imekuja mbele. Kaka hakusema kitu. Alivuta glasi upande wake, akanusa, akanirudishia.

Asubuhi glasi tatu zilikuwa zimekauka. Nilizinusa kabla ya kuziosha: mbili zilinuka majivu, ya Lagavulin ilinuka vanila. Kaka alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, na feri yetu ilikuwa bado ya jioni.