Nilivyoibadilisha jina bendera ya IMEANDIKWA

Jumamosi moja jioni hapa Kondele, Kisumu, mvua ya radi ilitoka ziwani na stima ikapotea. Iliporudi, faili ambalo mwanafunzi wangu alikuwa amelihifadhi lilikuwepo, jina lake sawa, ndani baiti sifuri.

"Lakini mwalimu, nilihakikisha," akasema. "Bendera ilisema IMEANDIKWA."

Ni kweli ilisema hivyo, na aliyeipa jina hilo ni mimi.

Tuko wanne, tunajenga mfumo endeshi mdogo wa kujifunzia, na tulikubaliana majina yote ya msimbo yawe ya Kiswahili. Bendera hii, yaani alama ya ndiyo au hapana ndani ya msimbo, ni biti moja tu, na ilikuwa inawashwa data ikishanakiliwa kwenye kumbukumbu, kabla diski haijaguswa. Kuchelewesha hivyo si dhambi. Hata mfumo endeshi wa Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huweza kuiacha data kwenye kumbukumbu kama sekunde 30 kabla ya kuisukuma diskini, labda programu iombe mapema kwa fsync, yaani amri ya kuiandika diskini mara moja. Dhambi ilikuwa ile -me-. Unamjua fundi wa Kibuye anayekwambia suruali imeisha, ukifika unakuta kitambaa bado kimekunjwa? Basi.

Nilitaka kubadilisha jina na kurekebisha hitilafu kwa mkupuo mmoja. Mwenzangu akanizuia: "Omera, tenganisha. Jina kwanza, tabia baadaye." Nikanuna kidogo, kisha nikatii. Nikaweka IKO_FOLENI kila mahali palipokuwa na IMEANDIKWA, thamani ya biti nikaiacha ilivyo.

Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haijali majina ya bendera, kwa hiyo faili zinazotoka kwake zilipaswa kulingana baiti kwa baiti, za kabla na za baada. Hazikulingana! Nilihangaika saa nzima kabla ya kugundua kuwa ukaguzi wetu wa makosa huchapa sharti lenyewe kama maandishi, na jina la bendera limo humo. Nikauzima ukaguzi huo, nikalinganisha tena, zikawa sawa.

Hapo ndipo nikausoma msimbo upya. Sehemu 23 ziliitumia bendera hiyo. Nyingi zilisomeka vizuri zaidi, lakini 9 zilianza kujishtaki zenyewe. Moja ilisema: ikiwa IKO_FOLENI, futa nakala ya zamani. Nilikuwa nimepita juu ya mstari huo mara ngapi sijui, na ulipoitwa IMEANDIKWA ulionekana wa busara kabisa.

Nikaongeza bendera ya pili, IKO_DISKINI, inayowashwa diski ikishajibu, nikazihamishia zile 9, moja baada ya nyingine.

Jina la zamani nililifuta kabisa. Linux haina uhuru huo. Kwenye orodha yake ya bendera za kupachika mifumo ya faili, thamani 32768 iliitwa MS_VERBOSE, yaani mwenye maneno mengi, ilhali kazi yake ni kunyamazisha ujumbe. Likaletwa jina la haki, MS_SILENT, lakini lile la kwanza bado lipo kando yake kwa namba ileile, kwa kuwa majina hayo hutumiwa na programu za nje ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Sisi watumiaji wetu wote wanaenea kwenye benchi moja.

Jumamosi iliyofuata hatukungoja mvua. Tuliandika faili juu ya lile la zamani, nikachomoa waya, tukarudia mara kumi. Kila mara tulikuta nakala moja nzima, mpya au ya zamani.

Mwanafunzi hakupiga makofi. "Mwalimu, na diski yenyewe ikidanganya?"

Ana haki. Diski nyingi zina kumbukumbu yao ya ndani, na huweza kujibu kabla data haijatulia. Nikaketi tena. Sasa IKO_DISKINI haiwashwi mpaka tuiamuru diski imwage kila ilichoshikilia, nayo ikiri imemaliza.