Anasoma nyumbani, anakimbia na timu ya shule

Wazazi wenzangu wa hapa Texas wakisikia kwamba namsomesha mwanangu nyumbani, wengi huuliza: sasa atacheza na nani? Ni swali la haki. Hesabu na sayansi tunazimudu mezani kwetu, lakini mbio za kupokezana vijiti hazikimbiwi na mtoto mmoja.

Kwetu Tanzania njia ya kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inapita shuleni. Hapa Marekani inategemea uko jimbo gani. Florida waliwafungulia watoto wanaosomea nyumbani mlango wa kuchezea timu za shule za umma mwaka 1996, na Tim Tebow, kijana aliyesomeshwa nyumbani, akaichezea sekondari ya Nease mpira wa miguu wa Kimarekani, kisha Chuo Kikuu cha Florida, akatwaa mwaka 2007 Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mchezo huo vyuoni. Ndiyo maana sheria za aina hii watu huziita kwa jina lake. Ohio walifungua mwaka 2013. Virginia bunge lilipitisha mswada kama huo, Gavana Terry McAuliffe akaukataa mwaka 2015, akarudia 2016, na tena 2017.

Kwetu Texas, michezo, bendi na mashindano ya kitaaluma ya shule za umma yanasimamiwa na UIL, chombo cha mashindano ya shule cha jimbo. Mwaka 2021 sheria iliruhusu watoto wa nyumbani kushiriki, ila ikaiachia bodi ya kila wilaya ya shule iamue yenyewe, na wilaya nyingi hazikusema ndiyo. Mwaka 2025 utaratibu ukageuzwa: sasa wilaya inahesabiwa imekubali hadi bodi yake ipige kura ya kukataa. Kwa familia kama yangu hilo ni jambo kubwa mno. Ukimya wa bodi, uliokuwa ukimfungia mtoto nje, sasa unamwingiza uwanjani.

Wapo wazazi wa shule za umma wanaolalamika, nami nawaelewa. Tangu 1984 Texas ina kanuni ya usipofaulu huchezi. Wanauliza, huyu anayesahihishiwa na mama yake, nani atamweka benchi akifeli? Sheria imelijibu hilo. Mtoto anatakiwa aonyeshe kiwango chake kwa mtihani unaotambulika kitaifa, na mzazi athibitishe kwa maandishi kwamba anafaulu masomo yake. Tena, aliyeacha shule ya umma katikati ya mwaka hawezi kushiriki kama mtoto wa nyumbani hadi mwaka huo wa masomo uishe. Kipengele hicho nakiunga mkono kwa moyo wote, maana bila hicho mtu angemtoa mwanawe shule kwa kuwa tu amefeli na msimu umekaribia.

Wengine hutetea kwa hoja ya kodi: shule hizi zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo, na hata sisi wapangaji tunaichangia kupitia pango. Ni kweli. Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba mtoto wa wahamiaji hana binamu mtaa wa pili wala bibi wa kumkimbilia. Anahitaji kocha anayemjua kwa jina, na wenzake wa mtaani watakaomtafuta asipoonekana mazoezini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifikiria kumtoa mtoto shule, fanya hivyo kabla mwaka wa masomo haujaanza. Nenda mapema ofisi ya michezo ya wilaya yako, uliza tarehe za mwisho na fomu ya uchunguzi wa daktari. Na kama bodi yako imekataa, fahamu kwamba mikutano yake iko wazi, na jambo likiwa kwenye ajenda mtu yeyote ana haki ya kulizungumzia. Kupiga kura ya kuchagua bodi kunataka uraia. Kusimama mbele yao ukamsemea mwanao hakutaki.