Chalbi baada ya mvua
Sisi wa Nakuru tumezoea matope ya barabara za shamba, kwa hivyo tulidhani ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, tutayaweza. Wapi! Zamani jangwa hilo lilikuwa ziwa, na mvua kubwa ikinyesha Marsabit maji hutanda tena. Yakipungua, chumvi hukauka juu, chini matope yananata. Shemeji, ambaye huendesha kama dereva wa matatu ya Gilgil, alinyamaza kabisa. Tukapunguza upepo kwenye tairi, tukaambaa na mawe meusi ya volkeno kuelekea kijiji cha Kalacha.

Choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, tuliwaona kwa mbali tu. Maji yakiwa kila mahali, mnyama ana haja gani na kisima? Mwenye haraka ya kupiga picha aende kiangazi, wanyama wakifuata visima. Mimi napenda nyasi changa za baada ya mvua, ila safari ijayo ni magari mawili, moja likikwama lingine livute.