Betri iliyofichwa ndani ya chipu: nilivyoifufua SPARCstation 5 yangu

SPARCstation 5 yangu, kompyuta ya kampuni ya Sun, ilipokataa kuwaka kawaida, watu watatu walinishauri nitafute madabodi (bodi kuu) nyingine, na ushauri huo unanikera mpaka leo, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyesoma kile ambacho kompyuta yenyewe ilikuwa ikikisema. Mashine hii inayotumia mfumo endeshi wa Unix, ya toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1994, iliandika waziwazi kwenye skrini kwamba yaliyomo katika IDPROM, yaani kumbukumbu ya utambulisho wake, si halali, ikaonyesha anwani ya Ethernet (namba yake ya mtandao) ff:ff:ff:ff:ff:ff, ambayo si anwani halisi, kisha ikaanza kutafuta mfumo endeshi kwenye mtandao ilhali diski yake imo ndani.

Nilibonyeza Stop na A kwa pamoja, nikafika kwenye alama ya ok, ambapo mashine hupokea amri kabla ya mfumo kuwaka. Amri ya probe-scsi iliitaja diski papo hapo, na boot disk iliuwasha mfumo hadi mwisho. Madabodi iliyokufa haifanyi hivyo! Iliyokufa ni betri iliyofungiwa ndani ya chipu ya M48T08, ambayo hutunza saa, mipangilio na utambulisho wa mashine umeme unapozimwa. Betri hiyo ilikusudiwa kudumu miaka 10 hivi, na yangu ilikuwa imeupita umri huo zamani.

Chipu mpya iliuzwa ghali mno kwangu, kwa hiyo niliichomoa ile ya zamani nikaikwangua ubavuni kwa tupa ndogo, taratibu sana, hadi vikaonekana vipande viwili vya chuma vinavyopitisha umeme wa betri. Nililehemu nyaya mbili hapo, nikaziunga na kishikio cha betri ya CR2032 ya volti 3, nikaandika upya utambulisho wote, na usiku ule nililala nikiamini kazi imekwisha. Asubuhi anwani ilikuwa ff tupu tena, na betri yangu mpya ilikuwa imeshuka vibaya. Nilihangaika siku nzima, nikapima kila waya, ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimekata njia ya betri ya zamani, na mzoga ule ulikuwa ukiifyonza betri mpya usiku kucha. Nilikata chuma kati ya betri ile na mahali nilipolehemu, nikapima tena kuhakikisha hakuna kinachopita, kisha nikaweka CR2032 nyingine.

Kuandika utambulisho kwa amri ya mkp, inayoandika baiti moja moja, kunataka utulivu, kwa sababu baiti ya 16 ni jawabu la XOR (hesabu ya kulinganisha biti) la baiti 15 zilizotangulia, na jawabu hilo lisipolingana mashine inaukataa utambulisho wote. Anwani yangu halisi, inayoanza na 08:00:20, nilikuwa nimeihifadhi daftarini. Namsihi kila mwenye mashine ya aina hii aiandike leo, betri yake ikiwa bado hai.

Safari hii niliiacha mashine wiki nzima bila umeme. Nilipoiwasha, ilionyesha anwani yake, ikaenda moja kwa moja kwenye diski, na saa yake ilikuwa sahihi.