Kizibao cha Zabibu: nilivyomzoesha paka wangu kutembea kwa kamba

Zabibu alianguka dirishani Jumatatu moja, baada ya Laasiri. Tunakaa ghorofa ya nne Michenzani, mjini Unguja, kwenye yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na dirisha la jikoni halikuwa na wavu. Alimwona njiwa. Mimi nilisikia kishindo tu, nikashuka ngazi bila viatu. Nilimkuta amejikunyata nyuma ya pipa la maji, damu inamtoka mdomoni. Taya lilikuwa limepata ufa. Kwa wiki tatu nilimlisha supu ya samaki kwa sirinji, tone kwa tone.

Alipopona nikaweka wavu madirisha yote, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Paka aliyezoea kukaa ukingoni akinusa upepo wa nje sasa alikuwa analia mlangoni kila Magharibi, kilio kirefu, mpaka jirani akaja kuuliza kama nina mgonjwa ndani. Alikwangua mlango. Alijilamba tumbo mpaka manyoya yakatoka. Daktari wa mifugo alimpapasa mwili mzima, hakuona upele wala viroboto, akaniambia huyu amechoka na kuta.

Nikaona nimtoe nje, lakini kwa kamba. Mara ya kwanza nilikosea vibaya: nilimvika ukosi wa shingoni nikaufunga kamba ya kuanikia nguo. Tulipofika chini tu vespa ikapita. Zabibu akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, ukosi ukabaki mkononi mwangu. Mabega ya paka hayakushikana na mifupa mingine kama yetu sisi. Kikishapita kichwa, na mwili umepita. Alikimbilia chini ya gari bovu, nami nikalala kifudifudi juu ya kokoto saa nzima na nusu nikimbembeleza. Na hata asingeponyoka, ukosi ule ungemkaba koo. Kwa hiyo ukitaka kumtembeza paka, kamba ya shingoni isahau kabisa.

Kizibao niliagiza kwa mdogo wangu anayeishi Muscat. Nakiita kizibao kwa sababu ndilo umbo lake: kitambaa laini kinachozunguka kifua, vifungo viwili ubavuni, na pete ya kamba iko mgongoni. Kinatakiwa kibane kiasi cha vidole viwili kupita baina ya kitambaa na mwili. Vikipita vitatu, atachomoka.

Sikumvika siku ile ile. Wiki nzima kilikaa kando ya sahani yake, na kila akikinusa alipata dagaa. Siku nilipofunga vifungo alidondoka ubavu, akalala kama nguo iliyoanguka kambani. Nilishtuka, nikadhani nimemuumiza. Kumbe paka wengi ndivyo walivyo, wakihisi kitu kimewashika mgongo miguu inalegea. Sikumnyanyua wala sikumvuta. Niliweka dagaa mmoja hatua moja mbele yake, nikakaa sakafuni. Kwanza zilitikisika sharubu. Kisha ukatoka mguu mmoja wa mbele, kucha zikashika mkeka, akajivuta kwa tumbo mpaka akamfikia yule dagaa, akamla akiwa bado amelala. Nikamvua hapo hapo. Dakika tano zilitosha. Siku ya kumi na mbili alikuwa anatembea ukumbini na kizibao chake, mkia juu.

Kabla ya kumteremsha nilimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana chini kuna paka wa kila aina. Daktari alinionya pia kuhusu dawa za viroboto: zile za mbwa zenye permethrini nisizisogeze karibu naye, zinaua paka.

Jambo lililonisaidia sana ni kikapu cha ukili. Zabibu havuki mlango kwa miguu yake hata siku moja. Huingia kikapuni, nikambeba mpaka chini, na humo humo hurudi. Ningemwacha avuke kizingiti mwenyewe, angejifunza kwamba mlango ukifunguliwa ni wa kupita, na siku mgeni akija angeshuka ngazi zote nne peke yake.

Wiki ya pili bi mkubwa mmoja wa ghorofa ya chini aliniona. Nikamwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa." Akaitikia marahaba, kisha akaitazama ile kamba.

"Mwanangu, nyau huyo umemfunga?"

"Namtembeza, bi mkubwa."

"Habari ya yule mwanamke wa paka hukuisikia?"

Niliisikia tangu chuo cha Kurani, na kila aliyesoma huko anaijua: mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfunga paka mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Sikuwa na jibu. Nilipanda ngazi na maneno yale, na usiku nikakumbuka kwamba jioni ile ile nilikuwa nimemvuta Zabibu mara tatu aache kunusa ukuta ili twende mbele. Twende wapi? Matembezi yalikuwa yake, mimi nikayafanya yangu.

Tangu hapo simvuti. Kamba ina mita tatu na yeye ndiye anayechagua njia. Hatufiki mbali. Kuna asubuhi anamaliza dakika kumi kwenye kona moja ya ukuta, pua imegusa chokaa, masikio yanageuka moja huku na jingine kule, na mimi nimesimama nyuma yake nikisubiri. Kamba naikaza tu ikija vespa au mbwa, na hapo siikazi ili nimburute, namfunika kanga, namkumbatia. Kanga lazima niwe nayo. Paka aliyeogopa hupanda mwilini mwa mtu kama mnazi, na alama za kucha ninazo begani mpaka leo.

Tunashuka mara baada ya Alfajiri, sakafu bado baridi na magari hayajaanza. Jua likishachomoza huja kunguru, hawa hawa walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, na wao wakimwona paka hukusanyika na kumpigia kelele mpaka anaingia kikapuni mwenyewe. Basi siku imekwisha.

Manyoya ya tumboni yameota. Kilio cha Magharibi kimekatika.

Bi mkubwa hakuniambia kitu tena. Ila asubuhi moja nilikuta bakuli dogo la maji kando ya mlango wake, na kesho yake pia. Masika yalipoingia hatukushuka siku nne mfululizo, mvua haikatiki. Siku ya tano mlango wangu uligongwa. Alikuwa mjukuu wake, amelowa mpaka magotini.

"Bibi anauliza, nyau mgonjwa?"