"Ndiyo" ya Saa Sita Usiku

Mwezi wa Mei mwaka 2018, tulipokuwa tumepanga chumba na sebule Ngamiani, Tanga, nilirudi kutoka shuleni nikakuta mashine mpya ya ovaloki, ya kushonea kingo za nguo, barazani, na mume wangu akiipangusa taratibu kama anayemwogesha mtoto. Nilipomuuliza fedha zimetoka wapi, alijibu kwa utulivu kwamba ni ule mkopo tuliokubaliana Jumanne. Mimi sikuukumbuka mkopo wala mazungumzo yenyewe.

"Nilikueleza kila kitu, mke wangu, kiasi na marejesho, ukasema ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Kwenye saa sita na nusu usiku."

Hapo nilielewa, ingawa hasira ilitangulia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Huamka saa kumi na nusu alfajiri bila kengele hata wakati wa likizo, na ikifika saa tatu usiku maneno huwa yameniishia. Yeye ni fundi cherehani ambaye kazi humkubali baada ya saa nne usiku, mtaa ukishanyamaza, na asubuhi ukimsemesha huitikia kwa kuguna. Kwa miaka mitatu niliuhesabu mguno ule kuwa dharau. Naye, kama alivyonifungukia jioni ile, aliuona usingizi wangu kuwa njia ya kumkwepa.

Tulinuniana siku nne. Siku ya tano rafiki yangu anayefundisha baiolojia alinipa dodoso la Horne na Östberg la mwaka 1976, lenye maswali 19 kuhusu saa ambazo mtu angependa kulala, kuamka na kufanya kazi. Nilipata alama 71, mume wangu 34. Kwa kipimo hicho, kuanzia 59 mtu ni wa asubuhi, na asiyefika 42 ni wa usiku. Rafiki yangu alitueleza kwamba mwelekeo huo kwa sehemu hurithiwa, kisha akatusimulia utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi: watu wazima 33 walifuatiliwa usingizi wao kwa siku zipatazo 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, jambo lililowafanya watafiti wafikiri kwamba tofauti za namna hiyo ziliwapatia binadamu walinzi wa usiku. Mume wangu aliipenda habari hiyo kupita kiasi, akaanza kujiita mlinzi wa nyumba. Nilimjibu kwamba mlinzi hakopi wakati anaowalinda wamelala.

Tulikubaliana kuwa masuala ya fedha yazungumzwe barazani saa kumi na mbili jioni, wakati ambao mimi bado nina akili na yeye ameshaipata yake. Mkopo ulikwisha mwaka uliofuata. Usiku wa marejesho ya mwisho aliniuliza kama tununue mashine ya pili. Nasikia nilisema ndiyo, naye akanyamaza hadi jioni ya kesho yake, akaniuliza tena.